Nimeweka Linux kwenye laptopu ya 2011, diski imegoma kubuti, fundi anasema imekufa. Wajuzi njooni

MwalimuZamu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipofika nimechoka mwili na roho. Nina laptopu ya mwaka 2011, Core i5 ya kizazi cha pili, RAM 4 GB, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 320. Kampuni sitaji maana najua humu tutaacha shida yangu tuanze ligi ya yangu ngumu yako laini. Ilikuwa na Windows 10, sasa si mnajua tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo ilikuwa mwisho wa kuhudumiwa, na Windows 11 haitaki kuiona mashine kama hii, inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kuanzia kizazi cha nane huko. Kijana mmoja hapa shuleni akaniambia mwalimu weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, itakuwa nyepesi kama mpya. Nikakesha nashusha ISO, lile faili lake la kuinstolia, kwa bando la usiku, karibu GB 3, nikaichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikabonyeza F12 nikachagua flashi, ikawaka vizuri mno, waifai ikashika, sauti ikatoka, nikasema hapa nimefika.

Nikainstoli, nikachagua ile ya kufuta diski yote. Ikaenda mpaka mwisho bila kulalamika, ikasema toa flashi bonyeza Enter. Nikatoa, nikabonyeza. Skrini nyeusi, maandishi meupe juu kushoto: No bootable device. Basi.

Nimerudia kuinstoli mara tatu wakuu, TATU, na kila mara inamaliza salama alafu ikiwaka ni kilekile. Fundi wa hapa stendi aliishika dakika mbili, akaweka sikio kwenye diski, akasema imekufa lete elfu themanini nikuwekee SSD, diski zile zisizozunguka. Ila kinachonitatiza nikirudisha flashi nikaingia Mint ya kwenye flashi, diski inaonekana, naifungua naona mafolda yote ya Linux yamo. Sasa maiti gani hiyo inafunguliwa na kusomwa? Na kwenye BIOS (zile setingi za mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka) jina la diski linaonekana vizuri, ila tarehe imeandika Januari 2011 lakini hiyo nimeizoea, tangu kipindi cha Windows saa ilikuwa inarudi nyuma, haihusiani.

Bakapu ninayo kabla hamjaniuliza, picha na mitihani yote iko kwenye memori kadi.

KokotoBara

Rudisha Windows 10 yako mwalimu ule maisha. Linux ni ya watu wasio na kazi.

Chuma Chakavu

Diski ya 2011 mpaka leo haijafa? Hiyo imeshakula chumvi, sikiliza fundi. Au zima Secure Boot kwanza, ule ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka.

DadaTeminali

@Chuma Chakavu Secure Boot ilianza kuja na mashine za Windows 8, mwaka 2012. Hiyo laptopu haina hata hicho kitu cha kuzima, utamzungusha mwalimu wa watu kwenye BIOS usiku kucha.

Mwalimu, usinunue SSD kwa sasa (ukiipata siku nyingine nunua, utafurahi, lakini siyo kwa sababu hii). Diski iliyokufa haikubali kuandikwa GB kadhaa mara tatu mfululizo bila kosa hata moja. Naomba vitu vitatu. Washa kwa flashi kama ulivyokuwa unafanya, uchague palepale unapochaguaga, alafu:

Kwanza fungua programu inaitwa Disks, bonyeza diski ya GB 320, kwenye vidoti vya juu kuna SMART, ripoti ya afya ya diski, uniambie Reallocated Sector Count na Current Pending Sector zina namba gani. Pili fungua teminali andika lsblk -f utuletee kinachotoka. Tatu andika

ls /sys/firmware/efi

uniambie kama inatoa majina ya vitu au inasema hakuna faili kama hilo. Hiyo ya tatu ndiyo naitaka kuliko zote.

KokotoBara

Au isafishe tu diski yote uanze upya mwalimu, andika sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sda iache hadi asubuhi

DadaTeminali

MWALIMU USIANDIKE HIYO. Kokoto wewe mtu mbaya. Hiyo inaandika sifuri kwenye diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama siku hiyo sda imekuwa ni kitu kingine, tuseme diski ya nje ya mtu yenye picha za harusi, ndiyo imekwenda. Majina ya sda na sdb yanagawiwa kila mashine inapowaka, hayana mwenyewe. Angalia ukubwa kwanza, siku zote.

MwalimuZamu

Dada asante, nilikuwa nimeshaanza kuiandika aisee, mkono ulikuwa kwenye neno zero.

Majibu haya hapa. Reallocated ni 0, Pending ni 0, imeandika diski iko sawa, masaa iliyofanya kazi ni elfu kumi na moja na kitu. Kwenye lsblk kuna sda, sda1 ni vfat, sda2 ni ext4, alafu sdb ni flashi. Ukubwa nimeangalia kwa lsblk ya kawaida: sda ni 298.1G, sda1 ni 512M, sda2 ni 297.6G. Nilishtuka kuona 298 wakati ni ya 320 nikajua ndiyo ugonjwa.

Hiyo ya tatu imetoa majina kadhaa, efivars, runtime, na mengine.

DadaTeminali

298 siyo ugonjwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, ni diski ileile.

Lakini majibu yako yamemaliza kesi. Hiyo folda ya efi ikiwepo maana yake flashi uliiwasha kwa UEFI. Laptopu za 2011 zilikuwa katikati ya zama mbili, zinajua kubuti kizamani na zinajua kubuti kisasa. Kizamani, wanaita Legacy, BIOS inasoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, 446 za kwanza ni kijiprogramu cha kuanzishia, 64 ni jedwali la patisheni (vile vipande diski ilivyogawiwa), mbili za mwisho ni muhuri 55 AA. Kisasa, yaani UEFI, haihangaiki na kijiprogramu cha sekta ya kwanza, inatafuta patisheni ndogo ya FAT yenye mafaili ya .efi, ndiyo hiyo sda1 yako ya 512M.

Sasa instola ya Mint inafuata njia ile uliyoiwashia flashi. Umeiwasha kwa UEFI, ikaandaa diski ya UEFI. Umemaliza, umetoa flashi, laptopu ikiwaka yenyewe bila F12 inafuata orodha ya Legacy, inakwenda sekta ya kwanza, inakuta hakuna kijiprogramu, inakwambia hakuna diski ya kubuti. Umeposa nyumba hii, harusi umepeleka nyumba ya jirani. Na ungerudia kuinstoli mara ishirini ingekuwa hivyohivyo kwa sababu kila mara unachagua mstari uleule kwenye F12.

Nenda hivi: zima, toa flashi, washa, bonyeza F12, usichague jina la diski. Angalia chini kama kuna mstari mwingine upande wa UEFI.

MwalimuZamu

Kuna mstari umeandikwa ubuntu. Mimi niliweka Mint dada, hii ubuntu imetoka wapi? Au nimeshushiwa ISO feki?

DadaTeminali

Siyo feki. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na folda yake ya kubuti kwenye sda1 inaitwa ubuntu mpaka leo. Chagua huo huo.

MwalimuZamu

IMEWAKAAAA

Wakuu imewaka. Ile nembo ya kijani imekuja, imeniomba paswedi, nimeingia. Napiga magoti. Elfu themanini yangu!!

mzee_wa_dosi

Hongera mwalimu. Sasa usiishi kwa F12 kila siku, ingia BIOS, sehemu ya kubuti, toa Legacy weka UEFI, hifadhi, utoke.

MwalimuZamu

Nimefanya mzee wangu, nimeiwasha na kuizima mara nne inawaka yenyewe. Nimeinstoli LibreOffice ya karibuni, mitihani ya kidato cha pili inafunguka, herufi tu ndiyo zimehama kidogo. Mods mnaweza kufunga uzi. Mungu awabariki.

MwalimuZamu

Wakuu msifunge uzi.

Asubuhi hii nimewasha, No bootable device. Sijagusa kitu! Jana nilizima vizuri saa nne, nikachomoa chaja maana umeme huku unakwenda na kurudi, naogopa usije ukaipiga. Leo nimekuja nayo ofisini, nimechomeka, kilekile. Walimu wenzangu niliokuwa nimeshawatambia tangu jana wote wamesimama nyuma yangu wanaangalia. Au ndiyo diski yenyewe sasa inaaga?

Chuma Chakavu

Nilisema.

KokotoBara

Nimekaa paleee na karanga zangu

DadaTeminali

Subiri. F12, chagua ubuntu, inawaka?

MwalimuZamu

Inawaka.

DadaTeminali

Basi diski haina shida na Mint haina shida. Ingia BIOS angalia pale ulipoweka UEFI pamesemaje.

MwalimuZamu

Pamerudi Legacy! Naapa jana niliweka UEFI nikahifadhi, mzee_wa_dosi shahidi.

FundiRedio

Nimesoma uzi wote tangu juu nikawa nasubiri tu mtu aseme. Mwalimu ugonjwa wako uliuandika mwenyewe kwenye posti ya kwanza alafu ukaandika haihusiani. Tarehe imerudi Januari 2011.

Na betri kubwa ya laptopu nayo ni nzima? Ukichomoa chaja ikiwa imewaka inaendelea?

MwalimuZamu

Betri kubwa ilikufa zamani fundi, natumia chaja tu. Ukichomoa inazima palepale kama redio.

FundiRedio

Ndiyo hiyo. Ndani ya laptopu kuna kibetri kama sarafu, CR2032, volti 3, kazi yake ni kuifanya BIOS ikumbuke saa na setingi ukiwa umezima kila kitu. Betri kubwa ikiwa nzima au chaja ikiwa imechomekwa hata kibetri kikiwa kimekufa hutajua, maana umeme unapita mwingine. Jana uliizima na kuiwasha mara nne chaja ikiwa imechomekwa, ikakumbuka. Usiku umechomoa, betri kubwa maiti, kibetri maiti, BIOS imesahau kila kitu ikarudi ilivyotoka kiwandani, na za 2011 nyingi zilitoka kiwandani zikiwa Legacy.

Na kipindi cha Windows ulikuwa huoni tabu ya kubuti kwa sababu bila shaka Windows yako iliwekwa kwa Legacy, kwa hiyo BIOS hata ikisahau inasahau kwenda kulekule kunakofaa. Ulichokuwa unaona ni saa tu, na mtandao kukwambia tovuti si salama, kweli au uongo?

MwalimuZamu

Kweli kabisa!! Kila asubuhi nilikuwa narekebisha saa kwanza ndiyo niingie mtandaoni. Nikajua ni uzee wa mashine. Lakini fundi mbona kwenye Mint sikuona saa imerudi 2011?

FundiRedio

Hapo Linux imekuficha. Mint ikiwaka ikakuta saa ya ubao inasema mwaka ambao yenyewe inajua umeshapita, inaisogeza mbele yenyewe, na ikipata intaneti inaiweka sawa dakika hiyohiyo. Windows ilikuwa inakuonyesha kidonda, huyu anakifunika na kitambaa safi. Ndiyo maana namwambia mtu yeyote mwenye mashine ya zamani aangalie tarehe ndani ya BIOS yenyewe, siyo kwenye kona ya skrini.

mzee_wa_dosi

Fundi Redio umemaliza. Lakini niongeze, kuna njia ya pili kwa ambaye hataki kufungua laptopu: unaifanya diski ibuti njia zote mbili, BIOS ikisahau isisahau inawaka. Mint hapa imetumia jedwali la patisheni la kisasa, GPT. Kwenye GPT sekta ya 34 hadi 2047 kwa kawaida zinakaa bure kabla ya patisheni ya kwanza, pungufu kidogo ya MB 1. Hapo unatengeneza kipatisheni cha kuwekea GRUB (programu inayoiwasha Linux) ya kizamani, hukigusi kingine chochote. Ukiwa ndani ya Mint ya kwenye diski, siyo ya flashi:

sudo apt install gdisk grub-pc-bin
sudo sgdisk -a1 -n 3:34:2047 -t 3:ef02 /dev/sda
sudo partprobe /dev/sda
sudo grub-install --target=i386-pc /dev/sda

Kabla ya hiyo ya pili hakikisha kwa lsblk kwamba sda ndiyo ya 298G na kwamba namba 3 haijatumika. Na kuna BIOS nyingine zina kiburi, zikikuta hakuna patisheni iliyowekwa alama ya kuwa hai zinakataa hata kujaribu. Sisi wa enzi za DOS tulikuwa tunaijua hiyo, FDISK ilikuwa na chaguo lake, namba 2, ukilisahau hard diski mpya haiwaki na unajiona mchawi. Kwenye GPT alama hiyo unaiweka kwa

sudo parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on

Zipo na nyingine zenye kiburi zaidi ambazo Legacy na GPT haziivi kabisa mpaka jedwali lipangwe kinamna, hata instola ya FreeBSD ina chaguo lake maalumu kwa ajili ya laptopu za hivyo.

DadaTeminali

Mzee nakuheshimu sana na amri zako ni sahihi, ila huyu ni mwalimu ana mitihani wiki ijayo, kibetri cha elfu mbili tatu unamfanyia upasuaji wa jedwali la patisheni? Mimi nasema kibetri.

mzee_wa_dosi

Binti yangu, kibetri kitakufa tena baada ya miaka kadhaa. Jedwali halifi.

DadaTeminali

Baada ya miaka kadhaa hiyo laptopu itakuwa na umri wa kupiga kura mzee 😂

MwalimuZamu

Nimewasikia wote. Naanza na kibetri, nikishindwa nakuja kwa mzee. Fundi hicho kibetri nakiona vipi? Nimefungua kifuniko cha chini naona RAM na diski na feni, sarafu siioni.

FundiRedio

Kwenye laptopu nyingi hakikai wazi kama kwenye kompyuta ya mezani. Tafuta kitu cha duara kimefungwa kwenye plastiki nyeusi au ya njano, kimegundishwa pembeni, kina nyaya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi, zinaingia kwenye kisoketi kidogo kama punje ya mchele. Mara nyingine kiko karibu na RAM, mara nyingine chini ya kibodi. Chomoa chaja, toa betri kubwa, alafu vuta kisoketi kwa kucha, usivute nyaya.

Nunua chenye nyaya zake tayari. Usikubali mtu akuchomelee nyaya kwa risasi juu ya sarafu tupu, kile kitu kikipata joto kinaweza kupasuka.

MwalimuZamu

Mrejesho wakuu.

Kilikuwa chini ya kibodi, skrubu tano, moja imegoma nimeitoa kwa kisu cha jikoni mke wangu asijue. Nimekipeleka dukani kikiwa mkononi, kijana wa duka akakipima kwa mita mbele yangu, mshale haukufika hata volti 1. Kipya kikasoma 3.1. Chenye nyaya za rangi zilezile lakini kisoketi chake kilikuwa kipana kidogo, akachukua kisoketi cha kibetri cha zamani akakivika kile kipya, akazungushia utepe mweusi. Elfu tatu na mia tano pamoja na kupima.

Nimerudi, nimekifunga, nimeingia BIOS nimeweka tarehe, nimeweka UEFI, nimehifadhi. Alafu nikafanya makusudi, nikazima, nikachomoa chaja, betri kubwa nimeitoa kabisa nikaiweka kabatini, nikalala. Asubuhi sikuwasha Mint moja kwa moja, nilienda BIOS kwanza kuangalia tarehe kama fundi alivyosema. Ilikuwa tarehe ya leo, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, na UEFI ipo palepale nilipoiacha. Nikatoka, ikawaka yenyewe.

Fundi wa stendi nimempitia nikamwambia ilikuwa kibetri. Kanijibu ee, na mimi nilikuwa nakibadilisha hichohicho, kimo humo ndani ya elfu themanini.

KokotoBara

😂😂😂 huyo fundi ana kipaji

FundiRedio

Safi sana mwalimu. Kwenye kichwa cha uzi ongeza neno IMETATULIWA ili wengine wakitafuta wasisome mpaka kwenye karanga za Kokoto.

Mgeni Wenu

Wakuu samahani kwa kudandia uzi, yangu imefanana na hii kabisa, nimeinstoli Mint pembeni ya Windows, alafu nikiwa Windows nikafuta patisheni moja nilidhani haina kazi, sasa ikiwaka inaandika grub rescue> inakaa hapohapo. Na mimi ni kibetri?

DadaTeminali

Hapana mkuu, wewe umefuta nyumba ya GRUB ukamwacha mlinzi getini. Fungua uzi wako tusichanganye mambo, ila kabla hujafungua andika ls hapohapo kwenye grub rescue, bonyeza Enter, piga picha kinachotoka uje nayo. Na usiinstoli chochote tena kwa sasa.